Mwaka Tulioliacha Shamba la Tengeru

Jumamosi, 1 Agosti 1908

Shikamoo, Bwana Mungu. Sijui kama watu huuliza hali yako. Mimi nauliza: u mzima huko? Huku sisi wazima, ila baridi. Ukungu umekaa mlimani toka katikati ya juma, kuni zinatoa moshi mtupu, macho yananiwasha. Ndizi nimeshamenya. Shemeji bado hajafika.

Daftari hili nilipewa na bibi wa mchungaji niandike mahubiri ya Jumapili. Mahubiri naandika mbele. Haya naandika kwa nyuma. Nadhani wewe unasoma pande zote mbili.

Baadaye. Shemeji Sangito amekuja, amesoma, amekwenda. Kila Jumamosi huja jikoni kwangu kwa sababu kwenye darasa la ubatizo anaona haya. Mvi kichwa kizima, halafu akae benchi moja na watoto wenye kamasi? Yeye ndiye kaka mkubwa wa marehemu Yakobo, mume wangu. Yakobo alipofariki, wazee walitaka Sangito anirithi. Nilikataa kwa ajili ya imani. Angeweza kunirudisha kwetu Machame. Hakunirudisha. Alisema, "Kaa na mwanao. Shamba la mdogo wangu ni lenu." Kwa hiyo namfundisha kwa moyo wote. Nisamehe, namfundisha kwa ukali pia.

Leo tulikuwa kwenye amri ya nane, ya kutoshuhudia uongo. Akajisifu: "Mimi siku zote nasali asubuhi." Nikamwuliza, na juzi je? "Juzi ng'ombe alikuwa anazaa." Basi si siku zote, nikamwambia. Sema mara nyingi.

"Na mara nyingi ni ngapi, mama Anaeli?"

Nikamwambia ni nyingi kuliko zile ulizoacha. Ukiacha hata mara moja tu, siku zote huna tena. Mwalimu wetu wa Machame alitufundisha hivyo. Siku zote ni neno la Mungu peke yake, kwa kuwa yeye ndiye asiyeacha. Mwanadamu ana mara nyingi, ana mara chache, ana pengine. Avae hizo, zinamtosha.

Shemeji alichochea moto. Halafu akasema hata baba yake alikataza mtu kusema kwamba ng'ombe wetu hunenepa siku zote. Ukisema hivyo unamwita chui. Tukacheka. Nimefurahi. Mzee huyu ameelewa kuliko wote wa benchini.

Jumanne, 4 Agosti

Tarishi wa mangi, mkuu wetu, amepita asubuhi. Watu wa serikali ya Wadachi wanakuja Tengeru kupima ardhi. Kila mwenye shamba la chini akasimame shambani kwake, ataulizwa. Ardhi isiyo na mwenyewe watapewa Makaburu, wale waliokuja na magari ya ng'ombe.

Yetu ina mwenyewe. Sina wasiwasi.

Nina wasiwasi kidogo. Huku juu kwenye kihamba chetu, shamba la nyumbani, migomba imebanana, hakuna hata pa kumwaga majivu. Chakula cha mwaka kinatoka chini. Mahindi, maharage, ulezi. Pori lile Yakobo alilifyeka kwa mikono yake, mimi nikichoma visiki nyuma yake na mtoto mgongoni. Mtoto huyo ndiye Anaeli. Sasa yuko Usambara kwenye kazi ya reli, anatafuta mahari. Akirudi ataoa. Akioa atajenga. Atajenga wapi? Kule. Pengine hakuna.

Jumapili, 9 Agosti

Mahubiri nimeyaandika mbele.

Baada ya ibada tulikutana njiani na Ndosi. Ni jirani yetu wa shamba la chini. Hasali. Shamba lake majani yanafika kiunoni, mwenyewe huenda kule akipotewa na mbuzi. Akamwuliza shemeji kama amejiandaa. "Wadachi wanapenda jibu fupi, mzee mwenzangu."

Shemeji akasema, "Nitajibu nitakachoulizwa."

"Haya. Huyo ndiye mtu wa misheni. Ataulizwa jina lake, ataungama na dhambi za ujana."

Watu wakacheka, mimi pia. Lakini moyoni niliona fahari. Nilijiambia, huyu anayechekwa nimemfundisha mimi.

Jumatano, 12 Agosti

Niandike kabla sijaanza kusahau. Au kabla sijaanza kuongeza.

Tulishuka mapema. Maharage yalishavunwa, ng'ombe wa shemeji walikuwa wanakula mabaki. Walikuja Wadachi wawili, mmoja na chombo chake cha miguu mitatu, mwingine wa kuandika. Mkalimani mtu wa pwani, kanzu nyeupe, ameikunja isichafuke. Askari. Nyuma yao gari la ng'ombe, na Kaburu amekaa juu yake anakunywa kahawa kama mtu aliyefika kwake.

Walianza na Ndosi. Wakamwuliza kama analitumia shamba lile siku zote. "Siku zote. Tangu babu." Hakupepesa jicho. Majani ya kiunoni yalikuwa yanayumba nyuma yake. Wakampigia mpaka. Likawa lake.

Wakaja kwetu. Sisi wanawake tulisimama pembeni. Mkalimani akauliza, "Mnalima hapa siku zote?"

Shemeji alinitazama. Kabla hajajibu alinitazama mimi. Hilo ndilo ninaloliona kila nikifumba macho.

Akasema, "Mara nyingi."

"Mzee, umeulizwa siku zote."

"Nimesikia. Mara nyingi."

Kuna mwaka hamkulima? Upo, akasema. Mwaka aliofariki mdogo wangu. Kwetu shamba la marehemu haliguswi jembe msimu mzima. Na zamani tuliwahi kuliacha lipumzike, ardhi nayo huchoka. Mnalala hapa? Ulezi ukiiva tunalala, tunafukuza ndege. Mara chache.

Yote ni kweli. Mwaka ule mimi nilitaka kulima, sisi Wakristo hatufungwi na mambo hayo. Nilinyamaza kwa kumheshimu yeye, kwa vile alivyomlilia Yakobo. Tukaliacha. Magugu yaliota mpaka mlangoni pa dungu, kile kibanda cha kulindia ndege.

Mkalimani alikuwa mtu mwema, siwezi kumsingizia. Aliinama akamwambia kwa sauti ndogo, "Baba yangu, sema siku zote, yaishe twende."

Shemeji akasema, "Siku zote ni ya Mungu."

Mkalimani akamtazama kidogo, akageuka, akawaambia Wadachi kama alivyosikia. Wakasemezana. Jibu likarudi: ardhi inayolimwa pengine na pengine isilimwe ni pori, na pori ni la serikali. Wakachomeka kigingi chenye kitambaa chekundu. Hawakukichomeka pembeni. Katikati, kwenye mashina ya maharage.

Kaburu akashuka kwenye gari. Akachota udongo wetu kwa kiganja, akaunusa.

Alhamisi, 13 Agosti

Nina hasira. Nimevunja chungu. Nimemchukia Ndosi, nikamchukia mkalimani kwa wema wake, nikamchukia shemeji. Kisha nikafika kwangu mwenyewe, nikaenda kukata majani ya mbuzi.

Kaburu yule hajalala pale hata mara moja. Amepewa siku zote.

Jumamosi, 15 Agosti

Alikuja kama kawaida. Mkungu wa ndizi begani, kitabu chini ya shuka. Akakaa. Akasema, "Nilijibu kama ulivyonifundisha. Sikushuhudia uongo." Halafu akangoja.

Alikuwa anangoja nimsifu. Mzee mzima, amepoteza shamba la mdogo wake, na bado anangoja kama mtoto aliyesoma mstari bila kukwama. Nikampa maziwa. Akanywa, akafuta midomo, akasema, "Hasira yako ni juu yangu au juu yao?" Nikasema ni moshi, macho yananiuma.

Mwalimu wa kweli angemsifu. Au angemwomba radhi. Mimi nilisingizia moshi.

Jumatatu, 17 Agosti

Nimekwenda kwa mchungaji. Nimemweleza yote. Alivua miwani, macho yalikuwa na maji. Akasema, "Lea, mzee huyu ni tunda la kweli la mlima huu." Nikamwomba aandike neno bomani. Hata neno moja. Akasema mambo ya ardhi ni ya serikali, misheni haiwezi kuingilia.

Nilishukuru nikatoka. Uani nikasimama. Bonde lote lile chini ya kanisa ni la misheni, lina hati. Nusu yake ni nyasi toka nilipokuja huku nikiwa bibi harusi. Nani aliwauliza kama wanalilima siku zote? Sikurudi kumwuliza. Nimekuja kuliandika hapa, kwa nyuma.

Jumapili, 23 Agosti

Mchungaji amemhubiri Sangito madhabahuni. Hakumtaja jina, ila kila mtu aligeuka. "Mtu aliyepoteza shamba asipoteze nafsi." Shemeji aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua.

Basi tumelipwa mahubiri. Hayapikiki.

Ijumaa, 28 Agosti

Ndosi amenijia nyumbani. Amekaa kwenye kinu, hakutaka kiti. "Mama Anaeli, mimi si adui. Yakobo alinisaidia kuzika mama yangu." Anasema Jumanne Bwana Shauri, Mdachi wa kuamua kesi, anasikiliza malalamiko bomani Arusha. Anasema mjane wa mtu aliyefyeka pori anaweza kusikilizwa kuliko kaka yake. "Nenda useme siku zote. Ni neno tu, mama. Hulibebi kichwani, halikuvunji shingo."

Nikamwuliza, wewe lilikutoka vipi siku ile? Akacheka. "Walitaka kusikia hilo. Mgeni akitaka maji humpi togwa."

Nimesali. Sikusikia kitu. Nikaamua. Kisha nikasali tena, ili ionekane kwamba nilisali kwanza.

Shemeji nimemwambia tu tutakwenda Arusha kulalamika, anisindikize. Sikumwambia nitasema nini. Akasema, "Vizuri. Pengine watatuelewa tukieleza polepole."

Jumanne, 1 Septemba

Tumerudi.

Bomani watu walikuwa wengi, wamekaa chini ukutani, ukuta mweupe unaoumiza macho. Tukaitwa baada ya kesi ya punda. Bwana Shauri ni kijana. Ana sharubu alizozikunja kwa mafuta. Akauliza kwa Kiswahili chake mwenyewe, kizuri tu. Shamba la Tengeru, mnalima siku zote?

Nikasema, "Siku zote, Bwana."

"Hata mwaka aliofariki mumeo?"

"Hata huo. Nililima mwenyewe."

Sauti haikutetemeka. Nilidhani itatetemeka. Ilitoka laini, kama mtu anayeitikia salamu. Shemeji alikuwa kando yangu, nilisikia pumzi yake imesimama.

Karani akatafuta maneno ya siku ile, akayasoma. Bwana Shauri akasema, "Shemeji yako alisema vingine. Mmoja wenu ni mwongo. Mwongo bomani ana adhabu yake." Alikuwa ananitazama mimi. Askari mmoja alisogea upande wangu.

Hapo ningeweza kusema. Mdomo ulikuwa wangu, hakuna aliyeushika. Nilitazama vidole vya miguu yangu.

Shemeji akasimama bila kuitwa. "Mwanamke huyu anasema kweli. Mwongo ni mimi."

"Kwa nini ulidanganya?"

"Nilisahau, Bwana. Uzee."

Mzee huyu anakumbuka kila ndama na mama yake na mvua iliyomzaa.

Viboko hamsa ishirini. Walimpeleka uani. Sikuona. Nilisikia zote. Yeye sikumsikia.

Na shamba? Bwana Shauri alisema ramani imeshakwenda pwani, na ndugu wanaopingana si mashahidi. Akaita watu wengine. Basi. Tulikuwa tumekwisha.

Njiani tulisimama mara kwa mara. Alikuwa hawezi kukaa wala kuegemea mti. Tulipovuka mto akaomba nimchotee maji. Nikaanza kusema, shemeji, mimi. Akasema, "Usiseme kitu, mama Anaeli. Tutembee."

Alhamisi, 3 Septemba

Nimempelekea uji na mafuta ya kondoo. Mke wake alifungua mlango nusu. Akapokea mafuta, uji akaurudisha. "Umemfundisha vizuri," akasema. Akafunga.

Kweli. Nilimfundisha vizuri. Mimi ndiye nisiyejua somo.

Jumapili, 6 Septemba

Habari zimefika misheni kabla majeraha hayajakauka. Sangito wa mahubiri yale amekiri uongo bomani. Mchungaji amemwondoa kwenye watu wa ubatizo. Alisema mbele ya wote kwamba ameumizwa. Hakuuliza nani mwingine ameumizwa.

Nikabaki baada ya ibada. Nikamwambia, mwongo ni mimi. Nikaeleza mpaka mwisho, hata kuhusu vidole vyangu vya miguu. Akasema sitakaribia meza ya Bwana mpaka Pasaka. Nitakaa nyuma, karibu na mlango. Nikasema sawa, na shemeji? Akasema shemeji yako naye alidanganya, hata kama ni kwa huruma. Akitubu atabatizwa na wenzake mwishoni mwa mwezi.

Kwa mchungaji uongo wangu na wa shemeji umekaa kapu moja. Mimi siuoni hivyo. Wangu ulikuwa wa kupata. Wake ulikuwa wa kupigwa.

Nimetoka nimechoka. Nilidhani nitatoka mwepesi.

Jumatano, 16 Septemba

Shemeji ametembea mpaka misheni. Alisema kwa mchungaji, "Nilisema uongo, ninatubu." Kifupi. Hakueleza ni kwa ajili ya nani. Amerudishwa kwenye darasa.

Amepita hapa, akasimama nje ya jiko. Hakuingia. Nikamwambia nimeshamweleza mchungaji kila kitu. Akasema amesikia. Nikamwambia nisamehe. Akatazama migomba. "Nimekusamehe juu ya shamba," akasema. "Juu ya lile lingine bado natafuta." Sikumwuliza lingine ni lipi. Nalijua. Alikuwa ananiamini.

Jumapili, 27 Septemba

Ubatizo. Kanisa limejaa, wengine madirishani. Nilikaa nyuma na wenzangu wa mlangoni: mlevi mmoja, na msichana aliyetoroka na mtu. Msichana alinisogezea mkeka.

Walikuwa wamevaa shuka nyeupe. Sangito mwisho wa mstari, mrefu kuliko wote, mgongo haujanyooka bado. Mchungaji alimwuliza kila mmoja kama atauacha uovu na kumfuata Bwana siku zote za maisha yake. Kila mmoja akajibu kama walivyofundishwa: ndiyo, siku zote, Mungu akinisaidia. Sauti za watoto, za haraka haraka.

Akafika kwake. Akauliza.

Shemeji alinyamaza mpaka watu wakaanza kukohoa. Nilijua. Kabla hajafungua mdomo nilijua, nikashika mkeka.

"Mara nyingi," akasema.

Watoto wakacheka. Mchungaji akainama karibu naye, akasema kwa sauti ndogo, ila kanisa lile dogo linasikika: "Mzee wangu, jibu kama ulivyofundishwa."

"Ndivyo nilivyofundishwa, Bwana mchungaji. Sitasema tena lile jingine. Nimeona watu wanaolisema."

Hakusema kwa kiburi. Alisema kama mtu anayeonyesha njia. Mchungaji alibaki na mkono wenye maji hewani. Uso wake ulikuwa mwekundu, kisha mweupe. Nadhani kama wangekuwa wawili tu angembatiza. Lakini tulikuwa wote pale, na wazee wa kanisa mbele, na swali lina jibu moja. Akasema, "Basi, subiri." Akaanzisha wimbo.

Shemeji alisubiri mpaka wimbo ukaisha. Kisha akavua shuka nyeupe, akaikunja vizuri pembe kwa pembe, akaiweka kwenye benchi, akatembea katikati ya watu mpaka nje. Kifua wazi, alama za mgongoni zinaonekana. Alipopita mlangoni aliniitikia kwa kichwa.

Ndosi alikuwa nje na mbuzi wake. Alimvulia kofia.

Jumanne, 6 Oktoba

Nimeshuka Tengeru. Nilijidanganya kwamba naenda kuuza ndizi. Kaburu ameweka nyumba ya mabati pale palipokuwa dungu letu. Anatafuta watu wa kulima. Wameandikwa watu wa huku kwetu, nimewaona, wanang'oa visiki alivyobakiza Yakobo. Mmoja akaniita, "Mama, njoo, kazi ipo." Hakuwa na nia mbaya.

Ulezi hawapandi. Wanapanda ngano. Hakuna atakayelala pale kufukuza ndege.

Ndosi naye amesikia kwamba wakati wa masika watarudi kupima upya upande wake. Kaburu mwingine anataka mto. Neno lake la tangu babu litampeleka mpaka masika.

Jumamosi, 31 Oktoba

Mvua ya kwanza imenyesha toka alfajiri, taratibu, bila upepo. Mlima hauonekani.

Shemeji alikuja saa yake ileile. Hakuja na kitabu. Akasema nimfuate, tukaenda kihambani kwake, chini ya mfereji. Amekata migomba yake, mizuri, iliyokuwa inakaribia kuzaa. Ameacha kipande cheupe cha ardhi, cha kutosha nyumba na kijishamba cha mboga. "Anaeli atajenga hapa," akasema. "Ni padogo. Mke wangu alikasirika, sasa amenyamaza."

Nikachukua mbegu, tukapanda maharage palepale kwenye tope, yeye akichimba mimi nikitupia. Anainama kwa shida. Baridi inamwingia mgongoni. Na kikohozi kimemwanza, kikavu, hakiachi.

Tuliporudi jikoni nikamwuliza kama tusome kidogo. "Leo hapana," akasema. Akala ndizi mbili, akasikiliza mvua. Wakati wa kuondoka alivua kofia pale mlangoni, midomo ikacheza kidogo, akavaa, akaenda. Sikuuliza anasema na nani.

Anaeli nitamwandikia kesho. Nitaanza na salamu, nitaona nitafika wapi.

Bwana, shamba sikuombi tena. Meza yako nitaingoja mpaka Pasaka, ni haki yangu kungoja. Nakuuliza jambo moja tu. Mchungaji anasema Sangito si wako, kwa kuwa hakujibu. Mimi nilijibu vizuri siku ya ubatizo wangu, kwa sauti kubwa, na unajua nilivyofanya. Nataka kujua kama yeye ni wako. Amezeeka, na kifua chake hakisikiki vizuri. Naomba unijibu upesi.